Kisa cha 4,294,967,297, namba iliyodhaniwa tasa kwa miaka 92

Iandike kwenye daftari: 4,294,967,297. Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa sitini na saba elfu, mia mbili tisini na saba. Tarakimu kumi, sawa na namba ya simu ya Tanzania au Kenya ukiianza na sifuri. Kikokotoo kidogo cha tarakimu nane hakiioneshi. Kile kikubwa cha tarakimu kumi na mbili, ambacho wenye maduka wengi wanakiweka mezani, kinaionesha yote.

Ijaribu kwa mbinu tulizofundishwa shule ya msingi. Inaishia na 7, basi haigawanyiki kwa 2 wala kwa 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo haimo. Igawanye kwa 7, baki ni 5. Kwa 11, baki ni 5 tena. Kwa 13, baki ni 10. Endelea na 17, 19, 23, 29, hakuna hata moja inayoingia bila baki. Mtu mwenye subira ya kawaida atafika 100, pengine 200, kisha ataweka kalamu chini na kusema namba hii ni tasa, haina kigawo zaidi ya 1 na yenyewe.

Aliyeitangaza hivyo ni mtu ambaye kwa hesabu za namba kamili hakuwa na mpinzani katika zama zake. Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa mahakama ya juu ya Toulouse, Ufaransa, na hisabati aliifanya baada ya kazi, akiieneza kwa barua. Mwaka 1640 alimwandikia rafiki yake wa hesabu, Frénicle, kuhusu mfuatano wa namba unaoanza hivi. Chukua 2, ipige mraba, kisha jibu lipige mraba tena, na tena: 2, 4, 16, 256, 65,536. Kila moja iongezee 1. Unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote tano ni tasa. Mraba wa 65,536 ni 4,294,967,296. Ongeza 1, umefika kwenye namba yetu. Leo namba hizi zinaitwa namba za Fermat na kupewa alama F0, F1, F2 na kuendelea, kwa hiyo yetu ni F5, yaani 2³² + 1.

Fermat alisema anaamini zote ni tasa, hata ukiendelea bila mwisho. Alikiri hana uthibitisho kamili, lakini akaongeza kwamba ameshaondoa vigawo vingi mno kwa hoja zisizo na kasoro. Maneno hayo tuyaweke akilini, maana tutayarudia.

Miaka karibu tisini ikapita. Tarehe 1 Desemba 1729, mwanahisabati Christian Goldbach alimwandikia barua kijana wa Kiswisi aliyekuwa akifanya kazi kwenye Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg, Leonhard Euler. Chini kabisa, kama nyongeza, alimuuliza kama anajua dai hili la Fermat. Mwanzoni Euler hakulitilia maanani sana. Goldbach hakumwacha. Mwaka 1732, Euler akiwa na umri wa miaka 25, jibu likatoka:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Usiniamini mimi, zidisha. 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 40 ni 268,016,680. Mara 1 ni yenyewe. Jumlisha hizo tatu.

Katika andiko lile Euler hakueleza alivyofika kwenye 641. Alisema tu kwamba atakayejaribu ataona mara moja. Njia yake ilijulikana miaka kadhaa baadaye, na kwangu hapo ndipo penye uhondo wa kisa hiki. Jibu lenyewe ni mstari mmoja wa kuzidisha. Njia inaonesha jinsi unavyoweza kuilazimisha namba ikuambie kigawo chake kina sura gani kabla hujakiona.

Kwa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili, mfano uko mkononi. Sasa ni saa kumi. Baada ya saa tano itakuwa saa ngapi? Saa tatu. Tumejumlisha tukapata 15, tukatupa 12, tukabaki na 3, na hakuna anayeshangaa. Hesabu za baki ni hivyohivyo, ila duara la saa linaweza kuwa na ukubwa wowote. Chukua duara la 17. Anza na 1, kisha zidisha kwa 2 kila hatua: 1, 2, 4, 8, 16. Inayofuata ni 32, toa 17, ni 15. Kisha 30 inakuwa 13, 26 inakuwa 9, 18 inakuwa 1. Tumerudi nyumbani baada ya hatua nane.

Angalia hatua ya nne ya safari hiyo. Tulikuwa kwenye 16, pungufu ya 17 kwa moja tu. Maana yake 2⁴ + 1 inagawanyika kwa 17, jambo ambalo tulilijua. Lakini sasa hesabu namba ambazo hatukuzigusa. Anza na 3, zidisha kwa 2 vilevile: 3, 6, 12, 7, 14, 11, 5, 10, na tena 3. Hatua nane nyingine. Namba zote 16 za duara, kuanzia 1 hadi 16, zimegawanyika katika makundi mawili ya nane nane, hakuna iliyobaki nje, hakuna iliyoingia mara mbili. Ndiyo sababu urefu wa mzunguko, 8, lazima ugawanye 16, ambayo ni 17 toa 1. Si bahati ya 17. Kwenye duara la namba tasa yoyote kubwa kuliko 2, mizunguko yote ya kuzidisha kwa 2 ina urefu mmoja, na urefu huo unagawanya ile namba tasa ukiipunguza moja. Sheria hii ni ya Fermat mwenyewe. Aliiandika katika barua nyingine kwa Frénicle, Oktoba 1640.

Sasa ipeleke kwenye F5. Tuseme ina kigawo tasa, tukiite p. Kwenye duara la p, ukianza na 1 na kuzidisha kwa 2 mara 32, unafika pungufu ya p kwa moja, yaani kwenye −1, maana 2³² + 1 inaishia sifuri. Ukiendelea hatua 32 nyingine, −1 mara −1, umerudi kwenye 1. Kwa hiyo hatua 64 zinakurudisha nyumbani. Je, ungeweza kurudi mapema? Urefu wa mzunguko lazima ugawanye 64, na vigawo vya 64 vilivyo vidogo kuliko 64 ni 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Kama ungekuwa mmojawapo wa hivyo, kwenye hatua ya 32 ungekuwa nyumbani kwenye 1. Lakini ulikuwa kwenye −1. Basi urefu ni 64 kamili, na kwa sheria ya Fermat, p toa 1 inagawanyika kwa 64.

Hapo kazi imebadilika kabisa. Kwa njia ya kawaida ungelazimika kujaribu namba tasa zote hadi 65,536, na ziko 6,542. Sasa unahitaji zile tu zilizo moja zaidi ya kigawe cha 64. Ziorodheshe: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zinazogawanyika kwa 3 au 5: 65, 129, 321, 385 na 513 zimeondoka. Umebaki na 193, 257, 449, 577 na 641. Tano tu.

Wala huhitaji kugawanya namba ya tarakimu kumi. Anza na 2⁸, yaani 256, ipige mraba mara mbili, na kila mara tupa duara. Kwa 193, F5 inaacha baki 109. Kwa 257 inaacha 2. Kwa 449 inaacha 325. Kwa 577 inaacha 288. Sasa 641. Mraba wa 256 ni 65,536; 641 inaingia mara 102, na 641 × 102 ni 65,382; baki ni 154. Mraba wa 154 ni 23,716. 641 inaingia mara 36, yaani 23,076. Baki ni 640.

Nilipomfanyisha binti yangu hesabu hii mezani, alipoandika 640 aliinua kichwa akaniuliza, "Baba, si imepungua moja tu?" Ndiyo, moja tu, na ile + 1 ya Fermat ndiyo inayoijaza. Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba nadharia ya namba ni ya chuo kikuu peke yake. Mistari miwili ya kuzidisha na kutoa, na dai la Fermat limeanguka mbele ya mtoto.

Kuna njia fupi zaidi, nzuri kiasi kwamba sijachoka kuiandika. 641 ina sura mbili. Ya kwanza ni 5 × 128 + 1, yaani 5 × 2⁷ + 1. Ya pili ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Kwenye duara la 641, sura ya kwanza inasema 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Sura ya pili inasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Badilisha: −2⁴ × 2²⁸, ambayo ni −2³², ni sawa na 1. Basi 2³² + 1 ni sifuri. Hakuna kugawanya kokote. Lakini njia hii inakufaa tu ukishaijua 641, haikusaidii kuitafuta. Euler aliitafuta akaipata.

Turudi kwa Fermat, kwa sababu hapa pana jambo linaloniumiza kichwa. Mwaka uleule wa 1640 alikuwa akichunguza 2³⁷ − 1, namba ya tarakimu kumi na mbili. Alitumia hoja ya aina hii hii: kigawo chake tasa lazima kiwe moja zaidi ya kigawe cha 74. Akajaribu wachache, akapata 223. Yaani silaha iliyoiangusha F5 alikuwa nayo mkononi, ameshaitumia na imeshinda, kwenye namba ndefu kuliko yetu. Na alisema ameondoa vigawo vingi kwa hoja zisizo na kasoro. Kama aliiandika orodha ya 64, basi 641 ni ya tano kati ya namba tasa zilizomo. Wapo wataalamu wanaodhani aliijaribu akakosea kutoa mahali fulani, na hakurudia tena kwa sababu aliipenda mno dhana yake. Mimi naegemea huko. Hata bila ujanja wowote, 641 ni namba tasa ya 116. Migawanyo 116 ni kazi ya siku moja mbili kwa mtu wa karne ya 17 aliyezoea kalamu. Alichokosa hakikuwa uwezo. Aliona mifano mitano inakubaliana, na mitano ikamtosha.

Lakini nimtetee kidogo. F5 inajua kujificha. Kuna kipimo cha namba tasa kinachotokana na sheria ya Fermat mwenyewe: ukiipa 2 kipeo cha namba unayoipima toa 1, kisha ukagawanya kwa namba hiyo, baki lazima iwe 1 ikiwa namba ni tasa (2 yenyewe ikiwekwa kando). Jaribu kwa F5. Kwenye duara lake 2⁶⁴ inarudi 1, na F5 toa 1 ni 2³², ambayo inagawanyika kwa 64. Baki ni 1. F5 imefaulu mtihani wa namba tasa ilhali si tasa. Namba zote za Fermat zinafaulu mtihani huo, tasa na zisizo tasa. Ukitumia 3 badala ya 2, F5 inanaswa. Ndiyo maana kipimo maalumu cha namba za Fermat, kilichoanzia kwa mwanahisabati Pépin mwaka 1877, leo husimamishwa juu ya 3.

Na 6,700,417, kigawo cha pili, nacho ni tasa? Ndiyo, na unaweza kujihakikishia leo jioni. Chochote kinachoigawanya kinaigawanya F5 pia, kwa hiyo lazima kifuate sura ileile. Mwaka 1878 Édouard Lucas aliibana zaidi: kwa F5 kigawo tasa ni moja zaidi ya kigawe cha 128, si cha 64 tu. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589. Namba tasa zenye sura hiyo chini ya hapo ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Baki zake ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri. Kwa hiyo F5 ina vigawo tasa viwili tu, na kisa chake kimefungwa.

Jirani yake wa nyuma, 4,294,967,295, anastahili kutazamwa. Zidisha namba tasa tano za Fermat hatua kwa hatua: 3 × 5 ni 15. Mara 17 ni 255. Mara 257 ni 65,535. Mara 65,537 ni 4,294,967,295. Kila jibu liko moja chini ya kipeo cha 2, kwa sababu kila mara unazidisha namba toa 1 kwa namba hiyohiyo jumlisha 1. Ni F5 toa 2. Kitu chochote kinachogawanya F5 na mojawapo ya wale watano kingelazimika kugawanya 2, na wote ni witiri, kwa hiyo F5 haina kigawo cha pamoja nao zaidi ya 1. Tungeweza kuifuta 257 kwenye orodha yetu bila kuigusa. Wanaoandika programu za kompyuta wanamfahamu jirani huyu: ndiye namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 zisizo na alama ya hasi. F5 haiingii humo. Imezidi kwa mbili.

Namba hizi zilipata kazi nyingine mwaka 1796, pale Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 18, alipogundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, jambo ambalo Wagiriki wa kale hawakulipata. Siri yake ni kwamba 17 ni namba tasa ya Fermat. Kwa 65,537 pia inawezekana: Johann Gustav Hermes alitumia miaka kumi kuandika maelekezo yake, akamaliza mwaka 1894, na mswada wake umehifadhiwa Göttingen. Kama Fermat angekuwa sahihi kuhusu F5, umbo la pande 4,294,967,297 lingechoreka. Halichoreki, kwa sababu ya 641. Lile la pande 4,294,967,295 linachoreka, kwa kanuni, na hakuna linalojulikana lenye pande witiri nyingi zaidi ya hilo.

Mwaka 1812 baba mmoja wa Vermont, Marekani, alimpeleka mwanawe Zerah Colburn London kumwonesha kwa watu. Mtoto alikuwa na miaka minane hivi. Waungwana wakampa 4,294,967,297, wakijua Fermat aliponaswa. Akajibu kwa kichwa: 641 mara 6,700,417. Hakuwa na orodha ya 64, wala hakujua kueleza vizuri alivyofanya. Nikimfikiria mtoto yule amesimama mbele ya wageni, napata huzuni, kwa sababu alikuwa akilipiwa kiingilio.

F6, yenye tarakimu ishirini, ilishindwa na Fortuné Landry mwaka 1880, akiwa mzee wa miaka 82: 274,177 × 67,280,421,310,721. Sura ni ileile, ila kwa F6 ni moja zaidi ya kigawe cha 256: 274,177 ni 256 × 1,071 + 1. F7 ilingoja kompyuta hadi 1970, F8 hadi 1980, F9 hadi 1990. Leo F5 hadi F32 zote zimethibitishwa kuwa si tasa, ingawa kwa baadhi yake hakuna kigawo hata kimoja kinachojulikana. Tunajua zinavunjika, hatujui kwa namba zipi. Namba tasa ya Fermat ya sita haijapatikana. F33 ina tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu na bado hakuna aliyeiamua. Kigawo chake tasa, kama kipo, lazima kiwe moja zaidi ya kigawe cha 34,359,738,368, na wanaokisaka wanaipitia orodha hiyo, mmoja baada ya mwingine, kama Euler alivyopita 193, 257, 449 na 577.